Zaburi za Siku Thelathini: Nilivyodumu Katika Sala

Vijana wa parokia yetu hapa Likoni, Mombasa, huniuliza mara kwa mara nilivyoweza kudumu katika sala tangu ujana, nikapita miaka ya kazi na malezi, hadi leo nikiwa mjane na mstaafu, na jibu langu huwa ni lile lile: sikujichagulia maneno ya kusali. Nilipokea yale niliyopangiwa, nikayasema yanaponigusa na yasiponigusa, na kwa njia hiyo Mungu akanifundisha unyenyekevu ambao nisingeupata kwa juhudi zangu.

Mpango wenyewe nilipewa na bibi yangu mzaa mama, aliyelelewa Frere Town, makazi yaliyoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka utumwani. Kitabu cha Sala cha Kianglikana kimezigawa Zaburi zote 150 katika mafungu 60, moja la asubuhi na moja la jioni, hata anayezifuata huzimaliza kwa siku 30 na kuanza upya mwezi unaofuata. Tarehe 1 asubuhi husomwa Zaburi ya 1 hadi ya 5. Jioni ya tarehe 15 husomwa Zaburi ya 78 peke yake kwa urefu wake. Na Zaburi ya 119 huanza jioni ya tarehe 24, isimalizike hadi jioni ya tarehe 26. Bibi alinikabidhi kitabu hicho juma nililopata kipaimara.

Wakati huo nilikuwa msichana mwenye afya na furaha, na Zaburi za maombolezo zilinishinda. Sikuwa na adui, sikuwa mgonjwa, wala hakuna aliyenitegea mtego. Nilimwuliza bibi kwa nini nimlilie Mungu ilhali sina kilio, naye akanijibu, "Mjukuu wangu, kama leo wewe hulii, yuko anayelia. Basi msemee." Neno hilo ndilo lililoniongoza miaka yote iliyofuata, kwa sababu lilinitoa katikati ya sala yangu mwenyewe. Niliacha kujiuliza kama Zaburi ya leo inanihusu, nikaanza kuuliza ni nani katika mtaa wetu, au katika mji huu, anayehitaji isemwe kwa niaba yake, na mara nyingi sura ya mtu fulani ilinijia kabla sijamaliza aya ya kwanza.

Nilipokuwa muuguzi nikifanya kazi kisiwani Mombasa, ng'ambo ya feri, zamu zilivuruga kila utaratibu. Nilipokuwa na zamu ya asubuhi, adhana ya alfajiri kutoka msikiti wa jirani iliniamsha, nikasali kabla watoto hawajaamka. Nilipotoka zamu ya usiku, nilisali katika foleni ya feri, maana kuvuka kwenyewe ni dakika chache tu na hakutoshi hata kwa fungu fupi. Watoto walipokuwa wadogo, kulikuwa na miezi ambayo sikuweza zaidi ya aya mbili tatu nikiwa jikoni. Hapo nilishika kanuni moja ambayo naipendekeza kwa kila mzazi: fungu lililopita limepita. Sikurudi nyuma kufidia, bali nilifungua la tarehe hiyo. Anayekusanya mafungu ili hesabu yake itimie huanza kuitazama hesabu, na kutoka hapo kiburi hakiko mbali.

Wodini nilimwelewa bibi zaidi. Asubuhi ya tarehe 17 mpango unaleta Zaburi ya 88, inayoanza kwa kilio na kuishia gizani bila faraja yoyote. Niliisema kwa ajili ya wagonjwa waliofariki usiku huo na kwa jamaa zao waliokuwa bado njiani kutoka Kwale au Kilifi, wasiojua bado. Sikuongeza maneno ya kuipamba, na sidhani ilihitaji kupambwa.

Mume wangu alipofariki, mambo yaligeuka, nikawa mimi ndiye wa kusemewa. Akina mama wa kanisa walikuja nyumbani jioni, mmoja akasoma fungu la siku, nami nikaitikia tu mwishoni mwa kila Zaburi, "Atukuzwe Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu." Kwa muda mrefu sikuweza zaidi ya hapo. Kukubali kubebwa na sala za wengine, baada ya miaka ya kudhani kwamba mimi ndiye mbebaji, kulikuwa kugumu kuliko kuamka alfajiri. Katika kipindi hicho nilikwenda Nyali kulitazama kaburi la mke wa mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf, aliyefariki mwaka 1844 muda mfupi tu baada ya kufika Mombasa, pamoja na mtoto wao mchanga. Mumewe alibaki pwani, akaendelea kujifunza Kiswahili na kutafsiri Maandiko, kazi aliyoianza mwaka huo huo. Nilisimama pale nikiwa na shukrani ambayo sikuitarajia, kwa kuwa mtu mwenye majonzi kama yangu alikuwa ameshika kazi ambayo wengine waliiendeleza, hata Maandiko yakanifikia kwa lugha yangu.

Sasa macho yamefifia, na mjukuu wangu ndiye anayenisomea jioni. Zaburi ya 71, inayokuja asubuhi ya tarehe 14, ambayo ndani yake mzee anamwomba Mungu asimtupe nguvu zinapopungua, naijua kwa moyo. Ile ya 78 tunaigawa, nusu kabla ya chakula na nusu baada yake, kwa sababu mtoto huchoka. Na kijana anayetaka kuanza huwa namwambia asingoje tarehe 1 ya mwezi: aangalie leo ni tarehe ngapi, afungue fungu lake, na ajiulize anamsemea nani.