Hii hela ni ya mtoto au ni ya kwako?

Tangu tuachane kulala nyumba moja na baba Rehema alikuwa ananitumia laki na nusu kila mwezi, ikiingia kwenye simu naandika kwenye daftari "matumizi" basi imeisha hiyo. Kodi ya chumba hapa Mbagala humo humo, unga humo, nauli ya mtoto humo, vocha humo. Siku naenda ofisi ya ustawi wa jamii kulalamika hela haitoshi, dada wa pale akafungua daftari akapitisha kidole akaniuliza, mama, hii ni ya mtoto au ni ya kwako? Nikakosa jibu jamani. Miezi kumi na nne naandika neno moja.

Kumbe ni mafungu mawili na kila moja lina sheria yake. Ya mtoto iko kwenye Sheria ya Mtoto ya 2009, ya mke iko kwenye Sheria ya Ndoa ya 1971. Na mimi sikuwa na talaka, tumetengana tu, kwahiyo kisheria bado ni mke wa mtu na jukumu la kunitunza halikuisha lenyewe siku nilipobeba begi. Ningekuwa nimeshapewa talaka ingekuwa ngumu zaidi, maana baada ya talaka mahakama haikupi matunzo yako mwenyewe hivi hivi, mpaka ione sababu maalumu.

Sasa kilichonifungua macho ni wanavyopima. Ya mtoto wanaangalia kipato cha wazazi wote wawili, yani hata genge langu la nyanya na vitunguu lilihesabiwa (nilinuna kidogo hapo, sikatai), afu wanaangalia gharama za maisha pale mtoto anapoishi. Ya mke wanaangalia uwezo wa mume na mahitaji yako, mila zenu, na pia nani kachangia ndoa kuharibika. Baba Rehema ndo akashikilia hapo hapo. Tulipofika kwenye kile kituo cha Temeke cha mambo ya familia, kile chenye mahakama za ngazi tofauti sehemu moja, akaanza, huyu kaondoka mwenyewe, mi simlishi mtu aliyenikimbia. Hakimu akamwacha amalize, akamwambia hayo ya kuondoka tutayasikiliza kwenye ya mama, mtoto hajamkimbia mtu. Nilitamani kucheka ila nikaangalia chini.

Mi naona wanawake wengi tunapotelea hapo. Unaona aibu kuomba ya kwako, unaonekana unataka kula jasho la mtu, kwahiyo unajificha nyuma ya mtoto, kila kitu "cha mtoto", hata mafuta yako ya kupaka. Mwisho wa siku ya mtoto inaliwa na kodi na ya kwako haijawahi kuombwa. Na madhara yake yanakuja baadae, maana hizi hela hazikomi pamoja. Ukishapata talaka ukaolewa kwingine ya kwako inakatika, ya mtoto haiguswi, inaendelea mpaka afike miaka 18 na kama bado anasoma mahakama inaweza kuisogeza mbele. Sasa kama mlichanganya, siku unaolewa utasikia "si umepata bwana, akulishe na mwanao".

By the way hiyo Sheria ya Ndoa inamruhusu mwanaume naye atunzwe na mke kama kaumia au anaumwa hawezi kufanya kazi. Nilimwambia shemeji akacheka mpaka chai ikamwagika.

Daftari usitupe. Risiti za ada, daftari la duka, meseji za miamala, vyote nilibeba kwenye mfuko wa rambo na ndo vilivyoongea kuliko mimi. Na hali ikibadilika, akipandishwa mshahara au kazi ikiisha, yeyote kati yenu anaweza kurudi mahakamani kiwango kiangaliwe upya, kwahiyo usikubali kuambiwa "ndo imetoka hiyo".

Sa hivi ni laki moja na sitini ya Rehema na elfu sabini ya kwangu, kila moja inaingia peke yake, miamala miwili. Mwezi uliopita akatuma yote kwa mkupuo na meseji, "matumizi hayo". Nikamrudishia yote na makato juu yangu, nikamwandikia gawanya. Alikaa kimya siku mbili, ya tatu simu ikalia mara mbili.