Bao la Hyrax Hill

Juzi, tulipopita karibu na lango la zamani la Hifadhi ya Ziwa Nakuru, lile lililomezwa na maji, binti yangu aliuliza kama ziwa hili liliwahi kufika mbali zaidi ya hapo. Nilikumbuka kwamba babu yake alielezwa jambo hilohilo tulipotembelea Hyrax Hill, kilima chenye makumbusho karibu na mji wa Nakuru, tena bila kuuliza.

Kilima chenyewe si kirefu. Ni mgongo wa miamba ya lava kando ya barabara ya kwenda Nairobi, na Baba alikipanda akiwa amevaa viatu vyake vya kanisani. Mhudumu wa makumbusho alituonyesha mashimo ya Wasirikwa, wafugaji wa kale, walimokuwa wakilaza mifugo usiku, akagusia uchimbaji wa mwanaakiolojia Mary Leakey wa mwaka 1937, kisha akanyosha mkono kusini na kusema kwamba maelfu ya miaka iliyopita Nakuru na Elmenteita yalikuwa ziwa moja, na maji yake yalifika hapa kilimani. Baba aliitikia kwa adabu tu.

Kilichomkamata ni bao lililochongwa kwenye mwamba. Alipiga magoti, akapuliza vumbi na majani makavu yaliyojaa vishimoni, akaingiza kidole gumba katika kimojawapo na kukizungusha polepole: ndani palikuwa laini kabisa, ilhali mwamba wa pembeni ulikwaruza kama msasa. Bila kusema neno akaanza kuokota kokoto na kuzigawa.

“Mzee, hapa huwa hatuchezi,” mhudumu alisema, kisha akatazama nyuma na kuchuchumaa upande wa pili.

Hawakufika mbali. Baba alishikilia kwamba kete ya mwisho ikiangukia shimo tupu la kwako unakula zilizo mkabala. Mwenzake alisema hapana, zamu imekwisha. Walibishana kwa dhati, kila mmoja akitaja kijiji alikofundishwa, juu ya bao ambalo wenyewe hawakuacha kanuni hata moja.

Tulipokuwa tukiteremka, Baba alinihakikishia kwamba waliolichonga, kama wangalikuwepo, wangalimuunga mkono yeye. Nilikubali papo hapo, ingawa mimi nilifundishwa kucheza kama yule mhudumu.