Mtu wa uji

Saa kumi na moja alfajiri niko foleni ya feri, Likoni. Saa mbili nishavaa koti, nazunguka wodi. Mimi ni mtaalamu wa lishe ya wagonjwa, lakini wengi huniita mtu wa uji. Haya.

Kitanda cha dirishani kalala kijana wa bodaboda aliyepasuliwa kichwa. Jeraha kubwa la ubongo huufanya mwili uteketeze chakula mbio mbio hata mtu akiwa hana fahamu, na misuli ndiyo inayoliwa. Kwa kilo zake 60, anataka protini gramu 90 kwa siku, kama mayai 15 hivi, yote yapite kwenye mpira wa puani. Usiku maziwa yake yalisimamishwa apigwe picha ya kichwa, na hakuna aliyekumbuka kuyafungua tena. Kalala njaa mpaka asubuhi! Nikapiga hesabu upya. Fenitoini, dawa yake ya kuzuia kifafa, haiingii mwilini sawasawa ikikutana na maziwa, kwa hivyo mpira hufungwa kabla na baada ya dawa. Saa zinazobaki ndizo za kufidia.

Saa sita, wageni. Mamake kaja na chupa ya uji wa mchele na kijiko kishatoka mkobani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Leo kafumbua macho. Namlisha."

Nikamwambia kufumbua macho siko kumeza. Uji waweza kushuka mapafuni bila hata kikohozi, akaamkia nimonia. "Mie nimemlea kwa uji huu huu," akasema. Akalia. Akapiga simu kwa kakake, nikaelezwa kazi yangu na mtu aliye Malindi. Wagonjwa wengine wananisubiri, miguu yawaka moto.

Mwishowe nikamsogeza karibu. Tukainua kichwa cha kitanda. Nikavuta tone kutoka tumboni kwa bomba la sindano, nikalidondosha kwenye karatasi ya kupimia asidi. Ikageuka rangi: mpira uko mahali pake. Nikampa yeye bomba lenye maji ya kusafishia mpira. "Polepole, mama." Akasema bismillahi, akasukuma.

Uji tuliunywa sisi na wauguzi. Ulikuwa na iliki.

Mchana uliobaki sijui ulipita vipi. Kabla ya kutoka nimeandika kwenye faili, kwa wino mwekundu: PICHA IKIISHA, MAZIWA YAFUNGULIWE. Kapangiwa nyingine kesho.