Siku kaka alipoondoka na betri za redio

Mama alimuuliza swali moja tu: "Mwanangu, kodi ya miezi miwili iko wapi?" Hakupandisha sauti. Alikuwa amekaa kwenye kochi lake pale Umoja, Nairobi, miguu juu ya stuli kwa sababu ya kuvimba, redio ya marehemu baba ikitoa taarifa ya habari ya saa moja. Kaka hakujibu. Aliinuka, akaichukua redio, akaigeuza, akafungua kifuniko cha nyuma kwa ukucha wa kidole gumba. Akatoa betri moja akaitia mfukoni. Ya pili. Ya tatu. Akarudisha kifuniko taratibu, akaipangusa redio vumbi kwa kiganja, akaiweka pale pale juu ya kitambaa. Alipofika mlangoni akatugeukia. Alikuwa anatabasamu.

Jumapili iliyofuata alisimama kanisani kutoa ushuhuda juu ya baraka za kumtunza mama mjane.

Kaka ametufanyia mengi yaliyotugharimu kuliko betri tatu, lakini hilo ndilo lililonitoa usingizini. Tangu baba afariki 2017 nilikuwa namtetea. Ndiye mkubwa, nikisema, ana mzigo. Baba aliacha ploti Kayole, vyumba nane na choo kimoja cha pamoja, na wiki ya mazishi haikuisha kaka alikuwa ameshashika funguo zote na kitabu cha risiti. Mimi ni karani katika duka la vipuri Kirinyaga Road, hesabu ndiyo kazi yangu, na bado sikuwahi kumwomba kaka hesabu. Hasira zake zilinifunga mdomo. Ukarimu wake pia, nikisema kweli. Ukimwona kwenye harambee utampenda: anacheka na kila mtu, anakumbuka jina la mtoto wako, anatoa elfu tano hadharani. Elfu tano zenyewe ni za kodi ya mama, lakini nani ajue?

Kuna mpangaji mmoja, mama wa mtoto mchanga, alichelewesha kodi siku nne. Kaka akamtilia mlango kufuli ya pili, mwezi wa Aprili, mvua ikinyesha. Nairobi hayo si mageni. Kilichonitisha ni alivyotusimulia mezani. Alimwigiza yule mama akibembeleza, akamwigiza hadi mtoto akilia, na alipoona hatucheki akaanza upya, polepole zaidi, kana kwamba hatukusikia vizuri.

Jina la jambo hili nililikuta ndani ya matatu, Jogoo Road, foleni imekataa kusogea, nikisoma kwenye simu. Unarsisi mbaya. Unarsisi ni kule kujiona mkuu kupita kiasi; hiyo "mbaya" ni kama daktari anavyosema uvimbe mbaya, ule unaosambaa. Erich Fromm, mwanasaikolojia Mjerumani aliyehamia Marekani, ndiye aliyeliita hivyo mwaka 1964. Miaka 20 baadaye Otto Kernberg, daktari wa akili aliyezaliwa Vienna, akalipangilia: chukua mtu anayejiona mkuu kuliko wote na asiyeshiba sifa, mwongezee kuvunja sheria na kudhulumu bila kujali, mwongezee shuku kwamba kila mtu anamvizia, kisha umwongezee ukatili ambao haumsumbui hata kidogo, unampa raha. Hapo kwenye raha nikafunga simu. Tabasamu la mlangoni.

Kujiona nilikuwa nakujua. Wizi pia. Shuku nilidhani ni uchovu: aliwahi kumfukuza fundi bomba kwa sababu alimkuta akiongea nami kwa simu, akadai tunapanga kumpindua. Kumpindua kutoka wapi, kwenye vyumba nane vya Kayole? Nilizoea kuyaona mambo haya moja moja, kila moja na kisingizio chake, na sikuwahi kuyaweka kwenye ukurasa mmoja. Karani mzima!

Kitu kimoja kilinichanganya. Rafiki yake wa utotoni alipofariki, kaka alilia mpaka akashikwa mikono, na akalipa jeneza. Nikajiambia basi nimemsingizia. Kumbe Kernberg mwenyewe anasema watu wa aina hii wanaweza kuwa waaminifu kwa wachache na hata kujutia, na hapo ndipo anapowatofautisha na yule asiye na dhamiri kabisa. Machozi yalikuwa ya kweli, na kufuli ilikuwa ya kweli.

Sasa nieleze kosa langu, maana nimeona wengi wakilifanya. Nililichukua lile neno kama panga. Baba mdogo alituita kikao cha familia kuhusu kodi, na kaka alipoanza kuniita mchawi wa ploti, nikasimama nikamwambia mbele ya wote kwamba yeye ni mgonjwa, ni narsisi, nimesoma. Nikazitaja dalili moja baada ya nyingine, sauti ikitetemeka. Kaka alinisikiliza hadi mwisho, kichwa kimeinama kama mtu anayeombewa. Kisha akamwambia baba mdogo kwa upole, "Msimkasirikie. Dada yangu amesoma simu, sasa ni daktari. Hajalala vizuri tangu baba atutoke." Watu wakacheka. Shangazi akanishika bega akaniambia, "Pumzika, mama." Wiki haijaisha, jamaa wa kijijini walikuwa wameshaambiwa kwamba natibiwa kichaa.

Kwa kweli nilikuwa nimeanza kumwona mshauri nasaha. Mama wa makamo, ofisi yake ghorofani juu ya duka la dawa, na kalamu yake ya wino inayochafua vidole. Nilimweleza yote nikitarajia aniambie niko sahihi. Akasema hawezi kumpima mtu asiyekaa mbele yake, wala mimi siwezi. Akaniambia pia kwamba "unarsisi mbaya" haumo kama ugonjwa wa kujitegemea kwenye mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, wala kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani. Unaopimwa huko Marekani ni ule wa kawaida, dalili tisa, na anayethibitishwa ni mwenye tano au zaidi. Nilivunjika moyo. Akaona.

"Sikiza," akasema, "jina lake mwachie daktari, kama atawahi kwenda. Wewe una betri, una kufuli, una kikao. Pale kwenye kikao alikula nini?"

Nikafikiri. Alikula mimi. Hasira yangu, kutetemeka kwangu.

"Basi mnyime chakula. Umesema wewe ni karani. Mjibu kama risiti: tarehe, kiasi, kwisha."

Sikuwahi kupata ushauri mgumu kama huo. Kaka akiandika saa nane usiku kwamba nimemroga mama, najibu asubuhi: "Dawa za presha za mama zimenunuliwa tarehe 4. Risiti ninayo." Akinitusi, sijibu. Akinisifu, na hapo ndipo pagumu, maana kaka akikusifu unajiona umezaliwa upya, nasema asante na kunyamaza. Mwezi wa kwanza alizidi. Alipiga simu mara 17 siku moja, nimeandika kwenye daftari. Akaja hadi Kirinyaga Road akaniuliza mbele ya wateja ni nani ananilipa. Nikamwambia, "Kaka, niko kazini," nikaendelea kuhesabu beringi. Mikono ilikuwa inatetemeka chini ya kaunta, lakini yeye hakuiona.

Lile daftari la mraba, la kurasa mia mbili, lilifanya kazi kuliko maneno yangu yote. Wakili alilifungua akaniambia jambo ambalo hakuna aliyetuambia tangu 2017: kukusanya kodi ya mali ya marehemu bila idhini ya mahakama ni kuingilia mirathi, na ni kosa la jinai. Mwenye haki ya kwanza kuomba usimamizi ni mjane. Tukaenda kwa chifu, tukapata barua, tukapeleka maombi mahakamani Milimani, mama na mimi. Kaka akakataa kutia sahihi. Akapelekewa wito, akaupuuza. Tangazo likatoka kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, siku 30 za pingamizi zikapita kimya. Nilitegemea vita. Nadhani alijua kwamba akipinga, kitu cha kwanza atakachoulizwa ni hesabu.

Kodi sasa inaingia kwenye laini ya mama, wapangaji wanatuma wenyewe. Utaratibu huo mpya ulipoanza, kaka alikuja Umoja usiku akagonga mlango kwa teke, akisema atatuzika sote wawili. Sikumjibu hata kama risiti. Nilizima taa, nikamwita jirani, nikapiga 1195, ile namba ya bure ya ukatili wa kijinsia. Mwanamke aliyepokea alinieleza kwamba sheria ya 2015 ya kukinga watu na ukatili wa nyumbani haingoji mtu apigwe. Vitisho vimo, kutesa mtu moyoni kumo, hata kumnyima mtu riziki yake kumo, na ndugu anahesabiwa, si mume tu. Mahakama inaweza kutoa amri ya ulinzi. Hatujaiomba. Mama hataki. Tunagombana juu ya hilo hadi leo, na sijui nani kati yetu yuko sawa, ila nakala ya fomu iko kwenye pochi yangu.

Maana mama bado anamwandalia kaka chakula. Kaka huja Jumamosi moja moja, ananyoosha miguu, anasimulia aliyosema pasta, anasifia ugali. Mama humpakulia kipande kikubwa cha nyama. Mimi hukaa karibu na mlango. Mwezi uliopita aliiangalia redio pale juu ya kitambaa, ikiongea, akasema, "Hii bado inafanya kazi?"

"Inafanya," mama akasema, akamwongezea sukuma.

Alipoondoka nilimsikia mama jikoni akifungua mkebe wa majani ya chai. Nikachungulia. Betri tatu mpya, bado zimo kwenye karatasi ya dukani, zimefukiwa ndani ya majani. Alizihesabu kwa kidole, akafunga mkebe.