Akaunti ni ya mteja, hata kama sisi ndio tumeifungua

Wiki hii nimekuwa naandika maelekezo ya programu ndogo iliyotengenezwa na mwenzangu aliyeko Arusha, kwa ajili ya duka moja la kahawa na asali hapa Moshi. Kazi yake ni kusoma orodha ya wateja kwenye Excel, kisha kumfungulia kila mmoja akaunti kwenye duka la mtandaoni linaloendeshwa kwa WooCommerce, mfumo wa kuendeshea maduka ya mtandaoni. Sehemu ya kuiweka kwenye kompyuta niliimaliza upesi, maana atakayekwama hapo atampigia fundi simu. Kilichonikalisha ni safu moja ya ile orodha: barua pepe.

WooCommerce haimfungulii mteja akaunti bila barua pepe. Namba ya simu unaweza kuiacha wazi, hata jina. Sasa fungua daftari la kaunta la duka hili: kuna jina, namba ya simu, kilo za kahawa, na basi lililobeba mzigo kwenda Dar es Salaam au Dodoma. Wenye barua pepe ni wa kuhesabu. Wengine wanaagiza kwa simu na kulipa kwa simu, na ukiwabana sana watakutajia ile waliyofunguliwa na kijana aliyewauzia simu, ambayo nenosiri lake hawalijui.

Dada anayeuza pale aliniuliza, “Sasa dada, hawa wasio nayo si niwawekee tu ya duka?” Nikamweleza kwamba itapita kwa mteja wa kwanza tu. Barua pepe moja haibebi akaunti mbili, kwa hiyo wa pili atarudishwa na kosa, msimbo 400. “Basi nitawatungia. Naandika jina lake, mbele naweka gmail.” Hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Anawapenda wateja wake na anataka wote waingie.

Lakini barua pepe ya kutunga huenda ina mwenyewe. Mtu tusiyemjua, yuko Mbeya au Mombasa, atapokea ujumbe wa kukaribishwa dukani, na baadaye taarifa za oda zenye jina la mteja wetu, simu yake na mahali anapokaa. Akiomba nenosiri jipya, analetewa yeye. Akaunti imeshakuwa yake, na mama wa watu aliyeagiza kahawa hana habari.

Kwa hiyo nimeandika juu kabisa, kabla ya amri yoyote: mteja asiye na barua pepe usimfungulie akaunti, muuzie kama mgeni, duka linaruhusu. Mwenzangu alitaka maneno hayo yakae mwishoni, kwenye maelezo ya ziada. Kwake, maelekezo yaeleze programu inafanya nini, na namna ya kuitumia ni juu ya mwenye duka. Tulibishana sana kwenye simu. Mimi naamini maelekezo yakinyamaza mahali kama hapo, yamesharuhusu. Tena Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka mtu ajue taarifa zake zinakusanywa kwa ajili gani. Nikaongeza ujumbe mfupi ambao dada anaweza kumtumia mteja kwanza: tunataka kukufungulia akaunti ya kuagizia, tutaweka jina, simu na barua pepe yako, je, unaridhia?

Mengine ni ya kiufundi, ila yanauma yakisahaulika. Excel hula sifuri ya mwanzo ya namba ya simu, kwa hiyo safu hiyo iwekwe kuwa maandishi, na namba ziandikwe +255 zikifuatiwa na tarakimu tisa. Programu hutuma taarifa za wateja kwenye duka la mtandaoni kwa mafungu yasiyozidi wateja 100, na fungu zima linaweza kuonekana limepita kumbe ndani yake kuna waliokataliwa. Lazima jibu la kila mmoja lisomwe. Kwenye mifano yote nimetumia barua pepe za example.com, anwani iliyotengwa rasmi kwa ajili ya mifano tangu 1999, ili mtu akiijaribu kama ilivyo asimsumbue yeyote.

Mwenzangu amekubali programu iwaruke wasio na barua pepe na kuwaandika kwenye orodha ya pembeni. Nimefurahi kweli. Limebaki kundi la wale wenye barua pepe wasizoweza kuzifungua. Kwao nimeelekeza dada atume barua kwanza, na asimfungulie mtu akaunti mpaka amejibu. Mwenye duka analalamika kwamba hilo litachelewesha kazi. Litachelewesha kweli, na sitaliondoa.