Jalada la Nyuma

Fomu zilikuwa 31, na nilizisahihisha zote usiku mmoja, siku shule ilipofunguliwa baada ya likizo ndefu. Wanafunzi wangu walikuwa na miaka kumi na miwili, kumi na mitatu hivi. Kabla ya kufunga nilikuwa nimempa kila mmoja kitabu nilichomchagulia mwenyewe, pamoja na fomu: mhusika mkuu, muhtasari, funzo ulilopata, sahihi ya mzazi.

Ya tatu ndiyo iliyonishtua. Mwandiko safi, hakuna kosa hata la nukta, na muhtasari uliishia hivi: "Je, atafanikiwa kurudi kwao? Soma ujionee mwenyewe!" Nikakitafuta kile kitabu kwenye rundo, nikakigeuza. Neno kwa neno, mpaka alama ya mshangao. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Halafu nikaanza kugeuza na vingine, kicheko kikakata. Fomu 19 zilikuwa zimenakiliwa kutoka kwenye jalada la nyuma. Na pale penye "funzo ulilopata", karibu wote walinijibu kitu kimoja: kusoma ni muhimu.

Nilikuwa na sababu zangu. Mwaka 1996 Harris Cooper na wenzake, huko Marekani, walipitia tafiti 39 kuhusu likizo ndefu, wakaona kwamba kwa wastani mtoto hurudi na alama zilizoshuka kiasi cha mwezi mzima wa masomo. Niliyasema hayo kwenye kikao cha wazazi kwa sauti ya daktari anayetoa majibu mabaya. Wazazi waliogopa, wakatia sahihi. Sahihi zote 31 zilikuwepo, hilo siwezi kulalamika.

Asubuhi nikampelekea manung'uniko yangu mwalimu mwenzangu wa hesabu, mtu wa maneno machache. Alizipekua fomu mbili tatu, akanirudishia.

"Uliomba fomu zijazwe. Si wamejaza?"

Nilikasirika, nikakaa siku mbili bila kumsemesha. Lakini maneno yake yalikuwa yameshaniingia.

Mwaka uliofuata, siku moja kabla ya kufunga, tuliunganisha madawati katikati ya darasa na kumwaga juu yake kila kilichokuwa kabatini, na nilivyoazima kwingine: vitabu vya katuni, hadithi za mizimu, za upelelezi, magazeti ya mpira, kitabu kikubwa cha nyoka chenye picha za kutisha. Nilikuwa nimesoma kuhusu Richard Allington na Anne McGill-Franzen, ambao utafiti wao ulichapishwa 2010. Waliwapa watoto wa familia zenye kipato kidogo vitabu 12 kila likizo kwa miaka mitatu, wenyewe wakijichagulia, na watoto hao wakawapita kwa kusoma wenzao ambao hawakupewa. Wale walikuwa wadogo kuliko wangu, na mimi vitabu 12 kwa kila mtoto ningevitoa wapi? Wangu walipata vitatu vitatu.

Kazi ngumu ilikuwa kunyamaza. Msichana wangu bora kabisa kwenye insha alichukua magazeti mawili ya mpira na kile cha nyoka. Niliuma ulimi. Yule wa alama ya mshangao alizunguka meza mara tatu. Alikuwa anafungua kitabu katikati, anasoma akiwa amesimama, anakirudisha. Mwishowe akashika hadithi nene ya upelelezi, jalada limeng'oka.

"Mwalimu, na kikinichosha?"

"Kiache."

"Kabisa?"

"Kabisa. Shika kingine."

Alinitazama kama mtu aliyerudishiwa chenji iliyozidi, anangoja muuzaji agutuke. Sikuwa nimelibuni mimi hilo. Mwandishi Mfaransa Daniel Pennac aliorodhesha mwaka 1992 haki kumi za msomaji; haki ya kutokimaliza kitabu imo, na ya kuruka kurasa pia. Ila yeye aliyaandika akiwa ametulia. Mimi nilikuwa natoka jasho.

"Na fomu?" akauliza.

"Hakuna fomu."

Likizo ikaisha. Siku ya kufungua, kengele haijalia, akanifuata mlangoni na kile kitabu kikiwa wazi mikononi, kidole kimebanwa ndani. Hata salamu alisahau.

"Mwalimu, nani kachana hapa?"

Kurasa nne hazikuwepo, kuanzia 141. Zilikuwa zimenyofolewa mpaka kwenye uzi.

"Ona sasa. Inspekta anafungua mlango wa chumba. Halafu hapa wako mahakamani! Kule chumbani alikuwepo nani?"

Nikafungua mdomo, nikaufunga. Kitabu kile kilikuwa kabatini mwangu miaka sita.

Akatulia, akanikagua usoni. "Mwalimu... hujakisoma?"

Nikamwambia anipe siku mbili. Alisita, akatoa kidole, akanikabidhi.

"Sawa, Mwalimu. Lakini usirukie mwisho."