Kaa, Mjukuu Wangu

Kivuko kiligoma saa kumi jioni, gari langu likiwa la pili kwenye foleni upande wa Bweni. Ilikuwa katikati ya Februari 2013, joto la kaskazi limekaba koo, na nyuma ya pikapu nina nazi mia nane za watu, zinasubiriwa Tanga kabla ya magharibi. Wasio na magari walipanda mashua, wakavuka Mto Pangani, wakaenda zao. Mwenye gari atavukaje kwa mashua? Na kuzunguka kwa barabara ni mwendo mrefu mno kwa mafuta ya kukopa.

Tajiri wa nazi akapiga simu. Akapiga tena. Nikawa nakwenda kwenye maji, narudi kwenye gari, namtukana moyoni fundi ambaye hata simjui.

Chini ya mkungu palikuwa na mzee anashona wavu. Nilikwishampita mara nne bila salamu. Mama angesikia, ningekoma. Ya tano nikaona haya.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Kaa, mjukuu wangu. Injini haitengenezwi kwa kandambili."

"Nitakaaje, babu, na mzigo wa watu?"

"Kaa, uangalie kaa."

Akacheka mwenyewe. Nadhani utani huo ameshawapa madereva wengi. Nikaacha simu garini, nikakaa kwenye gogo, kwa adabu tu.

Siku hizo yalikuwa maji mafu, yale yasiyojaa wala kupwa sana, na wakati ule yamekupwa. Mbele yetu tope jeusi, mizizi ya michu, aina ya mikoko, imechomoza kama penseli zilizochomekwa. Mwanzoni sikuona kitu. Kumbe ukitulia, tope lote linatembea. Kaa wadogo, hawafiki ukucha wa dole gumba, kila dume na gando moja kubwa, jekundu, la pili dogo kama la kuazima. Lile dogo linachota tope na kulipeleka mdomoni, haraka haraka, kama mtu anayekula ubwabwa shughulini akiogopa sinia litaondolewa. Lile kubwa kazi yake kupunga tu. Mmoja alikuwa karibu na mguu wangu, anapunga, anangoja, anapunga. Jike likapita bila hata kugeuka. Akapunga tena. Nilicheka kwa sauti, mzee akaniangalia chini ya kofia.

Nikawa namsubiri apate. Hakupata. Maji yakaanza kujaa, polepole, yakijipenyeza kwenye vijia vya tope, na kaa wakawa wanaingia mashimoni mmoja mmoja. Wangu akachelewa kuliko wote. Mwisho akaingia, akavuta donge la tope, akajifungia mlango.

Jua lilizama saa moja kasorobo huko mto unakotokea, maji yakawa rangi ya chai ya maziwa. Upepo ukaingia kutoka baharini. Mwezi nusu ulikuwa juu kabisa ya kichwa, nami sijui ulifika pale saa ngapi. Nilikuwa nimevua kandambili, maji yamefika vifundoni, mabega yamelegea kama baada ya kuoga.

"Braza! Wewe wa nazi! Unazuia foleni!"

Kivuko kilikuwa kimeshatia mlango nchi kavu, taa zinawaka. Mzee hayupo, wala wavu wake. Garini nikakuta tajiri amepiga mara kumi na tisa. Nikawasha gari, miguu ina tope hadi kwenye klachi.